Majina Kwenye Mkono wa Namba 4417

Vitu vyote alivyokuwa navyo yule mtu vilienea kwenye trei moja ya chuma. Viatu vya kukimbilia, soli ya kulia imelika kuliko ya kushoto. Soksi. Kaptura nyeusi yenye mfuko mdogo kiunoni, na ndani ya mfuko pakiti tano za chumvi za mkahawani, zote zimepasuliwa na zimelambwa hadi mwisho. Fulana iliyokatwa kwa mkasi na watu wa gari la wagonjwa. Juu ya fulana, ikiwa bado imebanwa kwa pini nne, ile karatasi ya namba ya mbio za marathoni: 4417.

Nadine Vukovich alivigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Alikuwa mpelelezi wa kitengo cha watu waliopotea cha polisi wa Pittsburgh, mwaka wa kumi na tisa sasa. Siku zote alipewa jina, akatafuta mtu. Leo mambo yalikuwa yamepinduka. Mtu alikuwepo, anapumua, nyuma ya pazia la kijani hatua sita kutoka hapo. Jina ndilo lililopotea.

"Hana simu, hana pochi, hana hata ufunguo," alisema Konstebo Dombrowski, aliyekuwa zamu barabarani tangu alfajiri na bado alikuwa na filimbi shingoni. "Kaanguka saa tano na dakika saba, Liberty Avenue, theluthi ya maili baada ya bango la ishirini na tano. Mbio ni maili ishirini na sita na kitu, bado kidogo tu amalize."

"Na namba?"

"Namba ina jina. Clete Yablonski, miaka arobaini na moja, wa Brookline. Nimepiga simu kwa mkewe kumpa pole. Unajua kaniambia nini? Clete yuko jikoni anakula mayai."

Pazia likafunguka, akatoka Dkt. Sudha Iyer, daktari wa chumba cha dharura, mwanamke mfupi aliyeongea bila kupoteza neno.

"Wewe ndiye wa majina? Sikiliza, afande. Chumvi ya damu iko chini. Sukari iko chini. Shinikizo la damu linashuka, na maji niliyompa hayalipandishi. Yapo mambo manne au matano yanayoweza kumfanya mkimbiaji awe hivi, na tiba ya moja inaweza kummaliza mwenye jingine. Nataka kujua alikuwa anaumwa nini kabla ya leo na anameza dawa gani."

"Nina muda gani?"

"Dakika ishirini zilizopita ningesema mpaka jioni. Sasa sisemi jioni."

Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Nadine aliomba kumwona. Alikuwa mwanamume mweusi wa miaka hamsini hivi, mrefu, ndevu zimeanza mvi, midomo imekauka ikaacha mistari myeupe. Mabega yake hayakuwa ya mkimbiaji. Yalikuwa ya mtu aliyebeba vitu maisha yake yote. Lakini Nadine aliangalia mikono. Kuanzia kifundo cha mkono wa kushoto kupanda hadi juu ya kiwiko, kisha kuendelea mkono wa kulia, palikuwa na maandishi ya kalamu nene ya wino, mstari chini ya mstari. Jasho lilikuwa limefuta mengi. Akainama na kusoma yaliyobaki. Tatu, Dot. Tisa, Shemasi. Kumi na nne, Regina. Kumi na nane, Lou. Ishirini na tano, Pearline. Ishirini na sita, Ozella.

"Maili," alisema. "Kila maili na jina lake."

"Marehemu hao," Dombrowski alisema kwa sauti ya chini. "Wengi hukimbia kwa ajili ya marehemu wao. Nimewaona leo na picha za mama zao mgongoni."

Nadine alipiga picha mikono yote miwili, akatoka nje kumpigia Clete Yablonski.

Clete alipokea akiwa na hofu ya mtu aliyekutwa na kosa.

"Sikumuuzia, naapa. Nilivunjika kifundo cha mguu wiki mbili zilizopita, nikishuka ngazi za kibarazani kwangu, ngazi tatu tu, na nilishafanya mazoezi miezi sita. Nikabandika tangazo kwenye ubao wa matangazo wa duka la viatu kwamba atakayeitaka namba aje aichukue bure. Najua kanuni haziruhusu kumpa mtu namba yako."

"Sikukupigia kwa sababu ya kanuni, Bwana Yablonski. Alikwambia jina lake?"

"Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Tuliona bora tusijuane."

"Alikuja na gari gani?"

"Gari jeupe, refu, lile lenye paa la juu. Nyuma lina kile kibao cha chuma cha kupandishia mizigo. Kavaa shati la kazi la buluu. Nikajua ni wale wanaopeleka majokofu majumbani."

"Alisema nini?"

Clete alifikiri. "Aliuliza swali moja la ajabu. Kila mtu huuliza atafanyaje amalize haraka. Yeye aliuliza afanyeje amalize kwa masaa manne. Nikamwambia kwa mtu wa umri wake masaa manne ni mwendo mzuri sana. Akasema hapana, hataki mwendo mzuri. Anataka masaa manne, yasipungue. Akimaliza mapema atakuwa amedanganya."

"Amemdanganya nani?"

"Hakusema. Aliniletea bakuli la supu, akasema mguu ukivunjika mtu asisahau kula. Afande, ni mzima?"

"Bado yu hai," alisema Nadine.

Walipoteza dakika ishirini kwa ajili ya marehemu. Dombrowski alikumbuka moto wa nyumba ya wazee uliotokea majira ya baridi, na katika orodha ya waliofariki walimkuta Lou na walimkuta Regina. Nadine alimpigia binti wa yule Regina, akamsomea majina mengine, akamweleza sura ya mgonjwa. Binti hakuwajua, wala hakumjua yeye. Lou wa kwenye orodha naye, kumbe alikuwa Louise, karani ndiye aliyelifupisha jina. Ukiwa na majina ya kutosha, hata kitabu cha simu kitafanana na makaburi. Nadine akakata mstari kwenye daftari.

"Twende kwa walio hai," alisema. "Mtu hakimbii maili ishirini na tano peke yake katikati ya watu elfu nane. Kuna aliyekuwa ubavuni mwake."

Kwenye hema la wapiga picha wa mbio, karibu na mstari wa kumalizia, fundi wa kompyuta aliandika 4417, zikaja picha tisa. Katika zote tisa mbele kidogo ya yule mtu kulikuwa na kijiti kirefu chenye kibao cha 4:00. Katika sita, begani kwake, alikuwepo mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, namba 6120.

Aliyekibeba kijiti alipatikana kwanza, kwa kuwa alikuwa bado nacho. Terrence Goodwine, kinyozi wa Homewood, alikuwa kiongozi wa mwendo. Kazi yake ilikuwa kukimbia kwa masaa manne bila kuzidisha wala kupunguza, ili wenye lengo hilo wamfuate. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Namkumbuka kwa sababu aliniuliza mara mbili kama saa yangu ni sahihi," alisema. "Mara mbili, mwenzangu. Nimeongoza watu miaka saba, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho."

"Alionekana mgonjwa?"

"Mwanzoni hapana. Nikueleze ule mlima baada ya daraja la Birmingham, dada. Mpaka hapo watu wanapiga soga, wanataniana, mmoja anasimulia harusi ya mpwa wake. Ukianza kupanda, kimya. Watu mia moja nyuma yangu na sisikii neno, nasikia pumzi tu. Pumzi mia moja zinapanda pamoja kama za mnyama mmoja mkubwa. Miaka saba, na bado pale hunisisimka mwili. Ndani ya kimya kile, bango la maili ya kumi na mbili linatokea, na huyu bwana anapaza sauti, anaita jina la mtu. Sio kwa hasira. Kama mwalimu anaita mahudhurio."

"Akaitikiwa?"

Terrence alitoa mguu mmoja kwenye barafu, akautazama.

"Akaitikiwa. Kuna mzee alikuwa kakaa ukingoni mwa njia, kajifunika blanketi mwezi wa tano huu. Akanyanyua mkono akasema, 'Nipo.' Basi. Yule bwana akamgusa kiganja akapita. Sikujua nicheke au nilie, na nilibakiwa na maili kumi na nne, nikaamua nisifanye chochote."

Nadine aliacha kuandika. Alimtazama Dombrowski, na Dombrowski akatazama viatu vyake.

Namba 6120 alikuwa Bernadette Szalai, mwoka mikate wa Bloomfield. Walimkuta amejilaza kwenye nyasi, amefunikwa shuka la karatasi inayong'aa, medali juu ya tumbo, analia polepole bila kuona haya. Aliposikia ni habari ya yule bwana wa majina, alijaribu kuinuka, miguu ikakataa, akabaki alivyo.

"Nilimpoteza maili ya ishirini na mbili. Alianza kupepesuka, nikamwambia tutembee, akasema wewe nenda, binti yangu, wanaokungoja wasichoke. Nikaenda." Alijifuta pua kwa karatasi ile. "Sikupaswa kwenda, sio?"

"Umefanya alivyokwambia. Nieleze hao watu wa njiani."

"Si kila maili ilikuwa na mtu. Maili ya tisa hapakuwa na mtu. Aliita 'Shemasi,' hakuna aliyejibu, akagusa jina mkononi na hakusema neno mpaka maili ya kumi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini na mimi nilinyamaza. Sijui kwa nini. Nilihisi kama niko kanisani na sijavua kofia." Alivuta pumzi. "Maili ya kumi na nne Regina, mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, mguu mmoja hana, kashika bango limeandikwa YANGU HII. Anapiga kelele, 'Hii yangu, Everett, usiikimbie ovyo.'"

"Alimwita nani?"

"Everett. Sikukwambia? Everett. La pili silijui."

Nadine aliliandika jina, akalipigia mstari. Jina moja, nusu ya mtu.

"Kumi na nane alikuwa Lou, mwanamume mkubwa, anatembelea fremu ya chuma. Huyo alimbusu Everett kwenye paji la uso, wanaume wawili wazima, katikati ya Homewood, na kwaya ya kanisa inaimba upande wa pili. Nimekimbia mbio hizi mara tano, afande. Nilikuwa nadhani nakimbia ili kupunguza mikate iliyonijaa mwilini. Leo nilikuwa natamani bango linalofuata lifike, sio ili maili iishe. Ili nione nani yupo."

"Walikuwa na kitu chochote kinachofanana? Umri, nguo, alama?"

"Walikuwa wazee na wa makamo, weusi kwa weupe. Wengine wamevaa makoti ingawa kuna jua." Bernadette akafumba macho akikumbuka. "Mkono. Regina alipomnyooshea mkono niliuona, na Lou pia. Hapa ndani, chini ya kiwiko, kuna uvimbe umejikunja kama kamba imepita chini ya ngozi. Na plasta ndogo mbili mbili. Nilidhani wametoka kutoa damu."

Nadine alifunga daftari.

"Dombrowski," alisema, "fikiria kitu ambacho mtu hukifanya kwa masaa manne na hawezi kupunguza."

"Nusu ya zamu ya usiku."

"Kusafishwa damu. Mtu ambaye figo zimekufa hukaa kwenye mashine masaa manne, mara tatu kwa wiki. Ile kamba mkononi ni mshipa ulioungwa na daktari ili sindano zipate njia. Baba yangu alikuwa nao. Baridi yao haina majira, ndiyo maana ya makoti na blanketi." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Na kile kibao cha chuma nyuma ya gari jeupe hakipandishi majokofu. Kinapandisha viti vya magurudumu. Huyu ni dereva wao."

"Basi tupigie vituo vya kusafisha damu."

"Jumapili. Vimefungwa." Hata hivyo alipiga simu kwa viwili akiwa anatembea, akajibiwa na mashine. Saa ilikuwa saba na dakika kumi. Akampigia Dkt. Iyer, akaambiwa neno moja: "Anashuka."

Akasimama ghafla katikati ya barabara, watu wakampita pande zote mbili.

"Aliitikiwa kumi na mbili, kumi na nne, kumi na nane," alisema. "Wote hao walimwona akipita, wakarudi nyumbani kwao wameridhika. Pearline wa ishirini na tano naye alimwona. Lakini alianguka kabla ya ishirini na sita. Kuna mtu mmoja katika jiji hili ambaye bado hajamwona."

"Ni masaa mawili sasa, Nadine. Ameshaondoka."

"Wewe dereva wako angekuwa mtu wa namna hii, ungeondoka?"

Njia fupi ya kufika bango la ishirini na sita ilikuwa kupita katikati ya wakimbiaji wenyewe, kinyume chao. Miaka kumi na tisa Nadine aliijua siku hii kwa foleni zake tu na barabara zilizofungwa. Sasa walikuja wakimkabili, wale wa mwisho mwisho, ambao hakuna kamera iliyowangoja. Mwanamume mnene aliyehesabu hatua zake kwa sauti, akifika kumi anaanza tena. Wanawake wawili wameshikana viuno, mmoja peku, viatu mkononi. Kijana ambaye fulana ilimchubua matiti, damu ikavuja mpaka kiunoni, na hakuonekana kujua. Mama wa miaka sabini hivi aliyekuwa akitabasamu kwa kitu kilichoko mbali, nyuma ya Nadine, nyuma ya majengo yote. Hakuna aliyemkimbiza yeyote kati yao, na hakuna aliyesimama. Nadine, aliyekuwa na haraka kuliko wote, alijikuta anapisha kila mmoja, kila mara akisogea pembeni kama anavyopishwa mtu mwenye msiba au bibi harusi.

Bango la maili ya ishirini na sita lilikuwa limeshalazwa chini. Wafanyakazi wawili wa jiji walikuwa wakikusanya koni za njano, lakini walikuwa wameacha sita zimesimama, na katikati ya hizo sita, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mwanamke mweusi aliyevaa kofia ya kanisani ya zambarau na koti la baridi lililofungwa mpaka kidevuni. Mfanyakazi mmoja alimgeukia Nadine kama mtu anayetafuta msaada.

"Afande, tumemwambia mara tatu. Anasema njia haifunguliwi mpaka mtu wake apite."

Nadine akachuchumaa mbele ya kiti.

"Bi Ozella?"

Yule mama alimtazama usoni, kisha beji, kisha usoni tena.

"Bi Ozella Crutchfield. Polisi huwa hawaji na habari njema. Sema ulilokuja nalo."

"Unamngoja Everett."

"Everett Mayhew. Aliniambia saa tano kasoro dakika mbili. Miaka tisa ananichukua mlangoni kwangu saa kumi na moja alfajiri, kwenye theluji, kwenye mvua, siku aliyomzika kaka yake. Hajawahi kunichelewesha dakika tano. Kwa hiyo nilipoona saa tano na nusu nilijua hachelewi, amezuiwa." Alibana mkoba kwa mikono miwili. "Amekufa?"

"Hajafa. Ameanguka, yuko hospitali, hana fahamu, na daktari hajui anaumwa nini. Alikuwa na ugonjwa wowote? Dawa anazomeza?"

Bi Ozella alikuwa ameshaanza kufungua mkoba kabla Nadine hajamaliza.

"Mwanangu, sisi wa lile gari tunajuana kwa vidonge. Wengine wanaonyeshana picha za wajukuu, sisi tunaonyeshana vidonge." Akatoa kijitabu kilichochakaa, hakukifungua. "Haidrokotizoni. Viwili alfajiri, kimoja mchana. Ana ugonjwa wa Addison. Kuna vitezi juu ya figo, vyake havifanyi kazi. Hula chumvi kama ng'ombe. Huwa anavaa bangili yenye maandishi ya ugonjwa wake, lakini nilimwambia wiki iliyopita inamchubua akikimbia, na nadhani ameivua." Akakibana kijitabu kifuani. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Nadine alikuwa tayari na simu sikioni. "Daktari. Everett Mayhew. Addison. Anameza haidrokotizoni, viwili na kimoja."

Akamsikia Dkt. Iyer akigeuka kutoka kwenye simu na kutaja sindano, kipimo, na neno sasa hivi, kwa sauti ile ile ya mtu asiyepoteza maneno. Simu ikakatwa.

Dombrowski alileta gari la polisi mpaka kwenye zile koni. Mfanyakazi wa jiji alikunja kiti, akakiweka nyuma kwa uangalifu kama chombo cha kioo.

Njiani Bi Ozella aliongea akitazama dirishani.

"Lilianza kwa utani. Regina alilalamika siku hiyo, mashine ilimbana misuli, na Everett akasema, 'Vumilia, masaa manne si mengi.' Gari zima likanyamaza. Kisha Shemasi, Mungu amrehemu, akamuuliza taratibu, 'Kijana, wewe jambo gani gumu umewahi kulifanya masaa manne mfululizo, halafu keshokutwa ukarudia?' Everett hakujibu. Alitufikisha wote majumbani bila kujibu. Baada ya wiki akaja na orodha, akasema hawezi kukaa kwenye kiti chetu, lakini anaweza kujua masaa manne yana urefu gani. Akaandika abiria wake wote, tukawa ishirini na sita. Shemasi alifariki mwezi wa tatu. Tukasema basi tumweke mwingine maili ya tisa. Everett akasema maili ya Shemasi haina mtu mwingine."

"Na wewe kwa nini wa mwisho?"

"Mimi nashuka mwisho. Kila siku nashuka mwisho." Akashusha kola ya koti. "Masaa manne unakaa pale unatazama dari, damu yako inatoka inarudi, na unajua nje kuna watu wanakwenda sokoni, wanagombana, wanaishi. Hakuna anayejua uko pale. Leo nimeona watu elfu ngapi sijui wakipita mbele yangu, nyuso zao zimekunjamana kama zetu. Nikasema, kumbe. Kumbe wapo wanaokwenda huko kwa hiari yao, wakijua kunauma, ili waone kukoje."

Nadine alikanyaga mafuta, akaelekea hospitali.

Saa kumi kasoro robo Dkt. Iyer aliwatokea kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa amevua glavu, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na kazi.

"Shinikizo lilianza kupanda ndani ya nusu saa. Ameamka. Figo zake ni nzima, moyo ni mzima." Akaketi karibu nao. "Mtu mwenye ugonjwa huu, mwili wake hauwezi kujiongezea nguvu ukiwa kwenye taabu. Wengine hushindwa hata kwa homa kali. Alikwenda maili ishirini na tano na zaidi kwa vidonge viwili vya alfajiri na chumvi ya mkahawani. Nimesoma vitabu vingi, afande, na sijui nimwambie nini mtu huyu. Nitaanza kwa kumgombeza."

Aliruhusu watu wawili. Nadine alibaki mlangoni na fomu mkononi. Kwenye mstari wa juu aliandika Everett Mayhew, kwa herufi kubwa, na kwenye mstari wa kosa au jinai akaweka alama ya hakuna.

Bi Ozella alivuta hatua zake hadi kitandani. Everett aligeuza kichwa kwenye mto. Midomo yake ilichukua muda kupata maneno.

"Nilifika wapi?"

"Ishirini na tano na kitu," alisema Bi Ozella.

Alifumba macho. Machozi yalitoka pembeni, yakaingia masikioni, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na mirija ya dawa juu ya yale majina.

"Basi kwako sikufika."

Bi Ozella alivua kofia yake ya zambarau, akaiweka juu ya blanketi, miguuni pake.

"Hukufika," alisema. "Ndiyo maana nimekuja mimi."

Nadine akaurudisha mlango taratibu, bila kuacha kitasa kilie.